Bunduki Ambayo Haikulia

Makote, mchana

Mwanangu Danieli,

Siku ya mazishi ya mama yako, bunduki ya Mjomba haikulia. Neno hili sijamwambia mtu yeyote, si Bibi, si padri nilipokwenda kuungama kabla ya kipaimara. Wewe ndiye wa kwanza, kwa sababu kesho alfajiri unaichukua bunduki hiyo. Sasa hivi inaning'inia ukutani mbele yangu, nami nimekaa na kalamu nikiitazama kama mtu anayemtazama nyoka aliyelala.

Mjomba Matayo amejinyoosha ukumbini, nasikia anavyokoroma. Bibi anapepeta mpunga uani. Wewe umekwenda kuwaaga wenzako. Nina nafasi ya kuandika, na kuandika ndiko ninakoweza. Kusema unanijua.

Sitaandika habari za chumvi, wala dawa ya homa, wala namna ya kulala juu ya dungu la kulindia shamba bila kuanguka. Hayo Bibi amekwisha kukuambia mpaka ukaziba masikio. Nataka kukuandikia habari ya bunduki, na ya mambo niliyoyakosea mimi, kwa kuwa yamefungana na siwezi kutoa moja nikaacha lingine.

Ulikuwa mdogo, sidhani kama unakumbuka. Mama yako Raheli alikufa wakati wa mvua za mwisho, na kaburi lilijaa maji upande mmoja. Bibi na dada zake walikuketisha kwenye mapaja yangu, wakasema, "Huyu ndiye mama yako sasa." Mimi mwenyewe nilikuwa sijaanza kufunga nguo vizuri. Ulikuwa mzito, miguu ikanifa ganzi, lakini niliona haya kukushusha mbele ya watu. Ndivyo nilivyokuwa mama. Mdogo wa mama ni mama, hivyo ndivyo ilivyo kwetu, na hakuna aliyeuliza kama mama huyo ameng'oka meno ya utoto au bado.

Wanaume wakasimama kwa mstari na magobori yao. Unajua desturi ya ukoo wetu: bunduki ya nyumba iliyofiwa lazima ilie pamoja na nyingine, nayo haitiwi risasi. Hutiwa baruti tu, nyingi kuliko ya kuwindia ili sauti iende mbali, halafu hushindiliwa kitambaa kilichochanwa kwenye nguo ya marehemu mwenyewe. Mlio ukitoka, kitambaa huungua na kutawanyika hewani, na hapo watu husema marehemu amepata njia. Mjomba alichana kitambaa chake akiwa amenigeuzia mgongo.

Nilikuwa karibu naye, wewe ukiwa mapajani. Mtu akapaza sauti, wote wakafyatua. Mimi nilikuwa nikitazama mkono wa Mjomba tu, kwa kuwa niliogopa kutazama kaburi. Nikaona kinyundo kikishuka. Nikasikia "tak", kama mtu aliyevunja ganda la korosho kwa meno, hiyo ikiwa fataki, kile kikofia cha kuwashia baruti. Kisha ngurumo za bunduki nyingine zikatufunika, moshi ukaja, watu wakapiga kelele za kilio. Katika moshi ule niliona mdomo wa bunduki ya Mjomba. Haukutoa kitu.

Mjomba alikuwa akilia kwa sauti. Sijui mpaka leo kama alijua. Bunduki isiyo na risasi haimsukumi sana mtu begani, na masikio yetu sote yalikuwa yameziba. Aliishusha, akairudisha nyumbani, akaitundika pale ilipo sasa. Tangu siku ile hakuwinda tena. Kibali chake anakilipia kila mwaka kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, huko Newala, lakini anakilipia kama mtu anayelipia kiti cha mgeni ambaye haji.

Nikawaza kitoto. Nikasema moyoni, bunduki imekataa kulia kwa sababu inajua jambo tusilolijua sisi. Raheli hajafa. Usiku ule ulipoamka unamlilia mama, nikakuambia, "Nyamaza, mama yuko Lindi hospitali, atarudi." Nawe ukaniamini. Jua likianza kushuka ulikuwa unakwenda kukaa njiani, pale njia ya Newala inapopita kwenye mkorosho wa jirani yetu Mzee Issa, ukitazama. Jioni baada ya jioni. Watu wakadhani mtoto ana pepo. Mwishoni Bibi alikufuata na fimbo akakuambia kwa ukali kwamba mama yako yuko kaburini na waliokuambia vinginevyo ni waongo. Ulilia, hukunitaja. Mpaka leo hujanitaja. Mara nyingi shuleni Masasi nimelala nikiwaza kwa nini hukunitaja.

Sasa habari ya bunduki yenyewe. Nisikilize kwa makini, na kama hukuelewa mahali, rudia kusoma. Usifanye kama mimi.

Bunduki ile ilizaliwa gumegume. Babu wa Mjomba aliipata ikiwa bado na jiwe, lile linalogonga chuma na kutoa cheche. Ubavuni mwa mtutu, kwa nyuma, palikuwa na tundu dogo, na cheche ziliwasha baruti iliyowekwa kwenye kisahani nje ya tundu, moto ukaingia ndani moja kwa moja. Baadaye watu walipoanza kutumia fataki, vile vikofia vidogo vya shaba, fundi mmoja akaibadilisha. Aliondoa jiwe na kisahani, akaziba lile tundu la ubavuni kwa kipande cha chuma chenye kifa juu yake, ndiyo ile chuchu inayovikwa fataki. Ukiitazama bunduki upande wa kuume utaona mahali ambapo mbao imejazwa kipande kingine. Ni kovu la gumegume.

Kwa hiyo moto wa fataki hauingii moja kwa moja. Unashuka kwenye kifa, unafika ndani ya kile kipande cha chuma, halafu unakata kona kuelekea kwenye baruti. Kwenye kona ndipo masizi yanapokaa, na unyevu pia. Siku ya mvua moto unaweza kufia konani. Nadhani ndivyo ilivyokuwa siku ile kaburini. Bunduki haikujua lolote kuhusu mama yako. Ilikuwa na maji kwenye kona.

Haya yote nimeyapata kwenye kitabu. Shuleni kwetu kuna kabati la vitabu alivyoacha mzungu mmoja aliyerudi kwao, na wasichana wengine hawalifungui kwa sababu vitabu vyake vina harufu ya popo. Humo nilikuta kitabu cha bunduki za zamani. Kina picha ya bunduki iliyopasuliwa kwa urefu kama samaki wa kukaushwa, ukaona ndani yote: mtutu, kizibo cha chuma kinachofunga nyuma yake, na mbele ya kizibo chumba kidogo, chembamba kuliko mtutu wenyewe, ambamo baruti hukaa na moto wa fataki hupiga katikati yake. Niliipenda picha ile. Niliichora kwa penseli mpaka nikaijua kwa kichwa.

Likizo ya mwaka jana Mjomba aliishusha bunduki aipake mafuta. Alipotia mdeki, ule ufito wa kushindilia baruti, ndani ya mtutu kusukuma kitambaa, mdeki ukasimama kabla ya kufika mwisho. Akautoa, akautia tena. Ukasimama palepale. Jasho likamtoka hapa juu ya mdomo, ingawa tulikuwa kivulini. Nami, mwanangu, ambaye sisemi mbele za watu hata nikiulizwa jina, siku hiyo nikasema. Nikamwambia, "Mjomba, ndivyo zilivyo. Nyuma kuna chumba chembamba, mdeki hauwezi kuingia. Nimeona kitabuni." Nikamchorea mchangani.

Mjomba akaniangalia. Halafu akapumua kama mtu aliyetua mzigo. "Kumbe!" akasema. "Kumbe ni chumba!" Jioni ile alimsimulia Mzee Issa, akawasimulia watu waliokuja kununua korosho, akasema binti yake amesoma mpaka tumboni mwa bunduki. Danieli, nilifurahi kuliko siku niliyofaulu kwenda shule ya kati. Sikuwahi kusikilizwa hivyo na watu wazima. Sikujiuliza kwa nini jasho lilikuwa limemtoka.

Muhula huu Kiingereza changu kimepanda kidogo, nikakirudia kile kitabu, na safari hii nikasoma maneno, si picha. Ukurasa wa nyuma ya picha unaeleza kwamba kile chumba chembamba ni cha bunduki zilizozaliwa na fataki. Zile za jiwe zilizobadilishwa hazina chumba. Kizibo chao ni bapa kama sarafu, na mtutu una upana uleule mpaka mwisho. Nilikaa na kitabu mapajani. Kama hakuna chumba, basi mdeki ulisimamishwa na nini?

Unajua jibu. Nami nilijua pale pale kabatini. Baruti ya kilio cha mama yako bado imo ndani.

Nimekuja likizo hii nikiwa na neno hilo kama jiwe mdomoni. Nilipofika nikakuta mambo yamekwisha kupangwa bila mimi: kwamba wewe, kwa kuwa hukupata nafasi ya kuendelea baada ya darasa la nne, utashuka na Mzee Issa bonde la Ruvuma kulinda mpunga dhidi ya nguruwe na viboko, na kwamba bunduki ni yako sasa, kwa kuwa ni ya ukoo wa mama zako na Mjomba hana mpwa wala mjukuu mwingine wa kiume. Ulikuja kunipokea njiani na uso unang'aa. Ulinibebea sanduku kichwani. Hukuzungumza jambo jingine ila bunduki.

Leo asubuhi nimejaribu. Ulikuwepo, lakini nataka uone jinsi mambo yalivyokuwa kutoka upande wangu.

Mjomba alikuwa kwenye kigoda, bunduki mapajani. Wewe ulikuwa umechuchumaa ukishika pembe ya baruti. Mzee Issa alikuwa akinusa tumbaku yake, na zile chembe nyeusi kwenye shavu lake la kuume, ambazo kifa cha bunduki yake kilimtemea zamani, zilikuwa zikicheza alipocheka.

"Mama yako huyo anakuja," akakuambia. "Msalimie vizuri asije akakuchapa."

Ukainuka, umenizidi kichwa kizima, ukasema, "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu," nikasema, na Mzee Issa akapiga paja lake kwa kicheko, kama anavyofanya siku zote.

"Shikamoo, Mjomba. Shikamoo, Mzee Issa."

"Marahaba. Umekuja na maji au umekuja na kitabu?" Mjomba akauliza.

"Nimekuja na neno, Mjomba."

"Neno! Basi litie kwenye kata tunywe, maana mtungi una maji ya leo tu."

Nikaomba mdeki. Nikautia mtutuni taratibu, nikashika kwa kidole gumba mahali ulipoishia kwenye mdomo, nikautoa na kuulaza juu ya mtutu kwa nje. Ncha yake haikufika kwenye kifa. Ilibaki nafasi ya kiganja changu chote.

"Haifiki," nikasema.

"Inafika inapofika siku zote," Mjomba akasema. "Mbele ya hapo ni chumba. Nani aliyenifundisha? Si wewe?"

"Nilikosea, Mjomba. Niliangalia picha. Sikusoma maelezo."

Mzee Issa akatoa macho. "La! Kumbe hata kitabu kinatubu!"

Ulicheka, Danieli. Sikulaumu, ilichekesha. Lakini Mjomba hakucheka. Aliniangalia kama alivyoniangalia mwaka jana, ila safari hii hakupumua.

"Unataka kusema kuna nini ndani?" akauliza polepole.

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu. Maneno yalikuwepo, machache tu. Nikatazama mikono yake juu ya mtutu, ikishika kama inavyoshika mtoto. Nikaona kwamba nikisema, nitakuwa nimesema mbele ya jirani na mbele ya mwana wa marehemu kwamba Mjomba hakumlilia dada yangu. Kwamba watu wote walipolia, nyumba yetu ilikaa kimya.

"Labda masizi," nikasema.

"Basi masizi yatatoka na moto," Mjomba akasema, akageuka kwako. "Kesho kabla ya jua utashindilia mwenyewe nikuone. Utapiga mlio mmoja kaburini kwa mama yako, umwambie unaondoka. Ndipo uteremke."

Mzee Issa akatoa sindano yake ya kuzibulia, akachomeka kwenye kifa. Ikakwama konani. "Masizi kweli," akasema, akaendelea kuchokoa, na kila alipochokoa mimi nilihesabu pumzi zangu. Halafu akasema, "Sasa inapita kidogo. Itawaka hiyo."

Itawaka. Unaelewa alichofanya? Kwa mema yake yote amefungua njia ya moto.

Na wewe kesho utamimina baruti mpya juu ya ile ya zamani, ushindilie juu ya kitambaa cha zamani, uweke shavu lako kwenye mbao, na kizibo kile cha nyuma, ambacho ni cha siku za babu wa babu na kimeshikwa na parafujo zilizoliwa na kutu, kitakuwa kinatazamana na jicho lako. Moto unatafuta pa kutokea. Mbele kutakuwa kumezibwa mara mbili.

Nilipoanza barua hii nilikuwa na mpango wa mtu mwoga. Nilitaka niimalize, niikunje, niifiche kwenye mfuko wako wa baruti, uikute njiani utakapotaka kushindilia, usome, ukajue la kufanya ukiwa mbali na Mjomba. Nisingemwaibisha mtu. Wala nisingefungua mdomo. Nimeandika mpaka hapa ndipo nikaona upumbavu wangu: mlio wa kwanza utapigwa kaburini, kabla hujaufungua mfuko wowote njiani. Barua ingekufikia ukiwa huna macho ya kuisomea.

Naona ni uleule upumbavu wa Lindi hospitali. Ni uleule wa mchoro mchangani. Siku zote nimechagua neno linalompumzisha mtu leo. Ulipolia nikakupa Lindi. Mjomba alipotoka jasho nikampa chumba chembamba. Leo asubuhi nimewapa masizi. Sikufanya hivyo kwa ubaya, bali siwezi kuvumilia kuona uso wa mtu ukibadilika kwa sababu yangu. Wewe huna ugonjwa huu. Wewe ukikasirika unakasirika, ukiwa hujui unasema hujui, na mwalimu wa darasa la nne alikuchapa kwa hilo, nami nilikuwa nikikuonea huruma. Sasa nakuonea wivu. Kaa hivyohivyo, hata bondeni watu wakikucheka.

Na jambo moja la bunduki, ili nisije nikalisahau. Ikiwa siku moja utafyatua na ukasikia "tak" tu, usiigeuze kuitazama. Moto huchelewa wakati mwingine kwenye kona. Iache imeelekea mbele, usubiri mpaka uchoke kusubiri, kisha usubiri tena. Halafu useme kwa sauti, mbele ya yeyote aliyepo, kwamba haikulia.

Naacha kuandika. Bibi ameingia ndani, Mjomba bado anakoroma. Sijui nikirudi kwenye karatasi hii nitakuwa na cha kukuambia au la.

*

Nimerudi. Jua limekwisha shuka. Nitakuandikia nilichofanya, bila kuongeza.

Niliishusha bunduki ukutani. Niliinamisha mdomo wake upande wa mlango, mbali nami, kama kitabu kinavyosema, nikaitoa uani nikaiegemeza kwenye mti wa kuanikia, mdomo juu. Nikaingia jikoni, nikachukua kata, nikafunua mtungi. Ulikuwa na maji ya kupikia ugali wa njiani na ya wewe kuoga asubuhi. Hakukuwa na mengine.

Bibi alikuwa mlangoni. "Maji hayo ni ya Danieli," akasema.

"Ni ya Danieli, Bibi," nikasema.

Alinitazama, akatazama bunduki. Akasogea nipite.

Nilimimina mtutuni polepole, kata baada ya kata. Mwanzoni maji yalisimama mdomoni bila kushuka. Halafu yakaanza kushuka, na kwenye kifa pakatokea tone jeusi, na jingine. Nikamimina mpaka mtungi ukawa na tope chini tu. Sauti ya maji ikamwamsha Mjomba.

Alitoka akiwa na mkeka umemchora shavuni. Alipoona, alipiga kelele ambayo nadhani mliisikia mpaka kwa Mzee Issa. "Unaizamisha bunduki! Hilda, una wazimu! Unaizamisha bunduki ya mtoto!"

Nikamwambia, "Mjomba, haikulia siku ya Raheli. Niliona. Nilikuwa karibu nawe."

Ndiyo maneno yenyewe. Yalikuwa machache kama nilivyokuwa nikidhani. Sauti yangu ilitoka.

Bibi akakaa chini pale pale mlangoni. Nikachukua waya uliosokotwa kama parafujo, ule wa kuvutia vitambaa mtutuni, nikaufunga kwenye ncha ya mdeki, nikausukuma ndani na kuuzungusha. Nilivuta, ukateleza. Nikavuta tena, ukateleza. Mikono yangu ni ya kushika kalamu. Ndipo Mjomba akaja, akaniondoa kwa bega, akashika mdeki yeye. Alizungusha kwa upole, kama anayetoa mwiba kwa mtoto. Kitu kikavutika. Kikaja.

Kilikuwa kitambaa kilichoviringwa, cheusi kama mkaa kwa nje. Nyuma yake likamwagika tope la baruti lenye harufu ya yai bovu, likamwagika na kumwagika, mpaka Bibi akasema, "Yesu wangu." Mjomba akaigeuza bunduki chini, akautia mdeki tena ndani ya mtutu mtupu. Ulishuka mpaka ukagonga chuma. Tuliusikia wote watatu.

Kisha akakifungua kile kitambaa kwa kucha. Kwenye mikunjo ya ndani kilikuwa bado na rangi. Ni manjano, Danieli, yenye vitone vyekundu. Uliwahi kuniuliza mama yako alivaa nguo gani, nikakuambia sikumbuki, kwa sababu nguo zake zote ndugu waligawana na sikutaka uanze kuzitafuta kwenye migongo ya watu. Alivaa hii.

Mjomba alikilaza kwenye kiganja, akakinyoosha kwa kidole gumba. Kisha akasema, "Nilijua na sikujua." Akanipa. Akasema kesho utapiga mlio kaburini na baruti kidogo tu, bunduki ikikauka vizuri karibu na moto, na kwamba yeye ndiye atakayekueleza kwa nini ni kidogo. Nimemwacha akueleze kwanza. Barua hii utaisoma baadaye, bondeni. Kitambaa nimekikausha na kukikunja humu ndani. Kukitia tena kwenye bunduki au kukiweka, uamuzi ni wako.

Kwa kisu cha Bibi nimekata alama kwenye mdeki, pale unapolingana na mdomo wa mtutu ukiwa mtupu. Ukiona alama imepanda juu kabla hujatia kitu, usishindilie.

Baada ya hapo nikachukua ndoo, nikawafuata kina mama waliokuwa wakiteremka chemchemini. Walinicheka njia nzima kwa namna ninavyotembea kwenye mawe, wakaniuliza kama shuleni Masasi maji yanasomwa. Nilipanda na ndoo moja, imemwagika robo.

Sasa ninapoandika, maji yako ya kuoga yako nyuma ya mlango. Nimeyafunika na sahani.

Mama yako,
Hilda